Maisha ya Ludwig Krapf: Msafiri wa Bahari na Bara

Utangulizi

Mukuyuni ni jina ambalo Mkamba yeyote hulielewa mara tu alisikiapo. Ni mahali penye mukuyu, ule mti ambao Waswahili huuita mkuyu. Mukuyuni ya Makueni imetengwa na Bahari ya Hindi kwa mamia ya kilomita za nyika na vilima. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa huko huyajua maneno ya vyombo na pepo za msimu kutoka kitabuni kabla ya kuiona bahari yenyewe. Huisoma ngama na tanga, kaskazi na kusi, akayakariri kwa ajili ya mtihani, na pengine asijiulize ni nani aliyeyakusanya kwanza katika kamusi.

Mmoja wa watu hao alipita Ukambani kwa miguu, tena mara mbili. Katika safari ya pili alinusurika kifo kwa tundu la sindano, na mwenyeji wake, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, akauawa. Mtu huyo ni Johann Ludwig Krapf, mmishenari wa Kijerumani ambaye kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ilichapishwa London mwaka 1882.

Makala haya yanakusudia kusimulia maisha yake kwa kuzingatia safari zake za baharini na za nchi kavu. Hoja tunayoishikilia ni kwamba karibu kila jambo ambalo Krapf alisafiri ili alitimize lilimponyoka. Kilichobaki ni yale aliyoyaokota njiani, nayo ni maneno. Maneno hayo alipewa na watu, na ni haki kwamba watu hao nao wakumbukwe kila jina lake litajwapo.

Utoto na Masomo

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa mtoto, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, naye akaugua kwa miezi kadhaa. Kitandani hapo alijizoeza kusoma, hasa Biblia, na huo ukawa mwanzo wa mapenzi yake ya vitabu.

Baadaye alipelekwa shuleni Tübingen. Huko alivutiwa mno na somo la jiografia. Aliitazama ramani ya Afrika, akashangazwa na sehemu zilizoachwa wazi bila jina la mji wala la mto. Akasoma pia habari za safari za Mskoti James Bruce katika nchi ya Uhabeshi. Basi kijana huyu wa mashambani, ambaye hakuwahi kuiona bahari, akataka awe nahodha wa meli ili azitembelee nchi za kigeni. Baba yake hakuwa na uwezo wa kugharamia mafunzo hayo, na ndoto ikafia hapo. Katika maisha yake yote Krapf hakupata kukiongoza chombo. Alisafiri daima akiwa abiria, akiitegemea elimu ya wengine.

Mlango mwingine wa kuzifikia nchi za mbali ulikuwa ni kazi ya kueneza dini. Mwaka 1827 alijiunga na chuo cha wamishenari cha Basel, Uswisi. Aliwahi kukata tamaa na wito huo, akarudi Tübingen kusomea theolojia, akatumikia kanisa la nyumbani kwa muda mfupi. Hata hivyo, wito wa zamani ulimrudia. Mwaka 1837 aliondoka Ulaya akiwa mmishenari wa chama cha Kiingereza kilichoitwa Church Missionary Society, akielekea Uhabeshi kupitia Misri.

Uhabeshi

Miaka yake ya kwanza barani Afrika ilikuwa ya kufukuzwa na kuanza upya. Huko Tigre, wamishenari walitimuliwa mwaka 1838. Akazunguka hadi akafika Shoa mwaka 1839, akapokelewa na Mfalme Sahle Selassie. Hapo ndipo alipoanza kuwaza juu ya Waoromo, ambao vitabu vya zamani viliwaita kwa jina wasilolitaka wenyewe. Krapf aliamini kwamba iwapo Waoromo wangeipokea dini yake, basi eneo zima la kati la Afrika lingefuata. Fikra hiyo ndiyo iliyomwongoza kwa miaka mingi, na ndiyo hatimaye iliyomfikisha katika upwa wa Waswahili.

Mwaka 1842 aliondoka Shoa kwenda kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, huko Misri. Njiani aliporwa mali yake yote na mtawala mmoja wa eneo la Wollo, akafika Massawa mikono mitupu. Alifunga ndoa, lakini njia ya kurudi Shoa ilikuwa imefungwa kwake. Mwaka 1843, wakiwa katika nyika karibu na Massawa, Rosine alijifungua mtoto wa kike ambaye hakuishi. Walimpa jina Eneba, yaani chozi, wakamzika palepale jangwani. Msomaji na alikumbuke kaburi hili dogo, kwa kuwa halikuwa la mwisho.

Kuteremka kwa Kaskazi

Kwa kuwa mlango wa kaskazini ulifungwa, Krapf alikata shauri kuwafikia Waoromo kutoka kusini. Novemba 1843, yeye na mkewe walipanda chombo cha Waarabu bandarini Aden. Wakati huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Kuanzia Novemba hadi Machi au karibu na hapo, upepo wa kaskazi huvuma kutoka Bara Arabu kuelekea Afrika Mashariki. Kuanzia Aprili, kusi huanza kuvirudisha vyombo kaskazini. Kwa karne nyingi mwendo huo wa pepo ulikuwa ndio kalenda ya biashara, ya ndoa na hata ya lugha, kwani ndio uliowaleta pamoja watu wa pande zote za Bahari ya Hindi. Aliyekosa msimu alingoja msimu mwingine.

Siku hizi mtu anaweza kulipa nauli akapakiwa katika jahazi Lamu au Mombasa kwa ajili ya kustarehe tu, akarejea jioni akiwa na picha zake. Safari ya mwaka 1843 haikuwa ya namna hiyo. Chombo cha kwanza kilipigwa na pepo kali, kikaanza kuvuja. Ikawabidi warudi Aden, na kabla hawajafika gati waliokolewa na chombo kingine. Krapf alikuwa amepewa somo lake la kwanza la bahari hii. Hakurudi nyuma. Kabla mwezi haujaisha walipanda chombo cha pili, wakaipita pwani ya Wasomali, wakatia nanga bandari mbalimbali za Waswahili, zikiwamo Takaungu na Mombasa. Mwanzoni mwa Januari 1844 walifika Unguja.

Unguja ndiko kulikokuwa na makao ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Kwa msaada wa balozi mdogo wa Uingereza, Hamerton, Krapf alikaribishwa na Sayyid, akapewa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Barua hiyo ilimsaidia sana. Ni jambo la kutafakari kwamba mmishenari wa Kikristo aliingia Mombasa chini ya himaya ya mtawala Mwislamu, naye akatendewa wema.

Mombasa

Krapf alihamia Mombasa mwaka huohuo wa 1844, akaanza kujifunza Kiswahili. Aliyejifunza hapo alijifunza Kimvita, na hilo litakuwa na maana katika hatima ya kazi yake, kama tutakavyoona. Mmoja wa walimu wake alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Modehin. Juni 1844 Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na mwanachuoni huyo. Picha hii yafaa kuhifadhiwa na kila mwanafunzi wa tafsiri: kadhi na mmishenari wamekaa pamoja, kila mmoja na imani yake, wakitafuta neno la Kiswahili litakalobeba habari za kuumbwa kwa ulimwengu. Sura za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847.

Kazi hiyo haikupita mwezi mmoja kabla ya msiba. Homa iliingia nyumbani kwao. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine alifariki dunia, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kike. Mtoto naye alifariki siku mbili baadaye. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, mahali ambapo leo ni Nyali, na kaburi hilo lipo hadi sasa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kiasi cha kutoweza kusimama vyema. Katika muda wa chini ya mwaka mmoja na nusu alikuwa amempoteza mke na watoto wawili. Mtu mwingine angesubiri kusi, akapanda chombo cha kwanza kinachokwenda kaskazini. Yeye alibaki.

Rabai na Milima yenye Weupe

Juni 1846 aliwasili Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake. Agosti mwaka huo wakafungua kituo Rabai, juu ya vilima vya Wamijikenda. Waliufikia mlima huo wakiwa wagonjwa wote wawili. Kituo hicho kikawa makao yao na pia mwanzo wa safari za bara. Tarehe 11 Mei 1848, Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro ukiwa umevikwa theluji. Mwaka huohuo Krapf alikwenda Usambara, akakaribishwa na Mfalme Kimweri huko Vugha.

Novemba 1849 ikafika zamu ya Ukambani. Krapf aliifuata njia ya misafara kupitia Utaita hadi Kikumbulyu, eneo la Kibwezi katika Makueni ya leo, akavuka mto Athi, akaikwea Yatta na kufika Kitui. Hakufika Mukuyuni, lakini nchi aliyopita ni ileile ya Wamakueni, na njia aliyoifuata haikuwa yake. Wakamba walikuwa wameizoea miaka mingi kabla yake. Misafara yao ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa, ikarudi na nguo, shanga na nyaya. Watu hao walikuwa wasafiri wa nchi za kigeni kabla Krapf hajazaliwa. Walizijua njia za Waembu, Wameru, Wakikuyu na Wachaga, na walijua mahali pa kupata maji katika nyika ambayo ingemuua mgeni kwa siku mbili.

Huko Kitui, Krapf alikuwa mgeni wa Kivoi wa Mwendwa. Kivoi alikuwa kiongozi wa misafara, mtu tajiri na mwenye sifa iliyoenea kutoka bara hadi pwani. Ni yeye aliyemweleza Krapf habari za mlima mkubwa wenye kitu cheupe kileleni. Krapf alingoja mawingu yatawanyike. Tarehe 3 Desemba 1849 aliuona kwa mbali, pembe zake mbili zikiwa nyeupe. Jina aliloliandika aliliandika jinsi masikio yake yalivyolipokea kutoka kwa Wakamba, ambao hulitamka Kiinyaa. Wataalamu wengi husema kwamba hilo ndilo jina la Kirinyaga likiwa limepita katika kinywa cha Mkamba, na kwamba nchi nzima ya Kenya ililipata jina lake kwa njia hiyo.

Habari za theluji zilipofika London, baadhi ya wanajiografia, hasa William Desborough Cooley, walizikejeli. Hawakuamini kwamba theluji ingeweza kudumu karibu na ikweta. Ilichukua miaka mingi kabla ya wasafiri wengine wa Ulaya kuthibitisha. Kivoi hakuhitaji uthibitisho huo. Aliujua mlima kama mtu ajuavyo mti ulio nje ya boma lake.

Safari ya Kusini

Februari 1850, kaskazi ikiwa bado inavuma, Krapf alipanda chombo pamoja na mmishenari mwenzake Jakob Erhardt. Waliifuata pwani kuelekea kusini, wakipita Tanga, Pangani na Kilwa, hadi Rasi ya Delgado, mpaka wa milki ya Wareno. Hii ndiyo safari yake ya tanga iliyoonyesha wazi zaidi upana wa ulimwengu wa Waswahili. Kwa majuma kadhaa hakuhitaji kubadilisha lugha. Kila bandari ilikuwa na lafudhi yake na mtawala wake, lakini Kiswahili kilimvusha kote.

Yafaa tukumbuke hali ya safari yenyewe. Chombo cha aina hiyo hakikuwa na chumba cha abiria. Mtu alilala penye nafasi, kati ya mizigo na watu, akalowa mvua iliponyesha na akaungua jua lilipowaka. Nahodha hakuwa na ramani ya Kizungu. Alizisoma nyota, rangi ya maji na umbo la vilima vya nchi kavu. Abiria Mjerumani, ambaye utotoni alitaka kuwa nahodha, alikuwa sasa mwanafunzi mbele ya manahodha ambao hawakupita chuo chochote cha Ulaya.

Safari hiyo pia ilimwonyesha biashara ya utumwa ilivyokuwa. Huko Kilwa alipata habari za watu walioletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakauzwa na kupakiwa vyomboni. Upepo uleule uliobeba mashairi, tende na vyungu ulibeba pia watu waliotekwa. Hatuwezi kuisifu bahari ya Waswahili kwa moja tukalifumbia macho la pili.

Mwaka huohuo Krapf alikwenda Ulaya. Alipokewa kwa heshima na Mfalme wa Prussia mjini Berlin, akakutana na mwanasayansi Alexander von Humboldt. La muhimu zaidi kwetu ni kwamba alichapisha huko Tübingen sarufi fupi ya Kiswahili pamoja na orodha ya msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwa mojawapo. Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapishwa pia mwaka huo wa 1850. Kwa hiyo Mkamba anayesoma lugha yake maandishini leo ana sababu ya kuifahamu safari ya 1849.

Kifo cha Kivoi

Krapf alirudi mwaka 1851 akiwa na mpango mkubwa. Alitaka kuwe na mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi upande wa magharibi wa Afrika, na pete ya kwanza aliikusudia Yatta. Julai alianza safari na wapagazi wa Kinyika. Njiani walishambuliwa na wanyang'anyi, na walipofika Yatta wapagazi walimjengea kibanda kidogo, kisha wakamwacha. Bila watu na bila ulinzi, kituo hakikuwezekana. Akaenda Kitui kwa Kivoi.

Kivoi alikuwa akijiandaa kwenda ng'ambo ya mto Tana kuchukua pembe zake, na Krapf akaandamana naye. Mwishoni mwa Agosti, wakiwa hawako mbali na mto, walivamiwa na kundi kubwa la wanyang'anyi. Krapf alifyatua bunduki yake hewani, kwa kuwa hakutaka kumwaga damu. Watu wa msafara walitawanyika. Kivoi na wachache waliobaki naye waliuawa.

Krapf alikimbilia porini, akapotezana na wenzake. Kiu ilimshika hata akaona heri aufuate mto huku akijua kwamba maadui wako karibu. Alipoufikia Tana alikunywa, lakini hakuwa na kibuyu wala chombo chochote. Akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake. Akajaza pia mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi na matambara. Kwa silaha iliyogeuzwa kuwa kata ya maji, akaanza kurudi. Mchana alijificha, usiku alitembea, akiishi kwa chochote alichokipata mwituni.

Alipowafikia jamaa za Kivoi hakupata pole. Walimwona kuwa ana hatia. Wasomaji wengi wa habari za Krapf wamezoea kuliona jambo hili kwa jicho lake tu. Tukilitazama kwa jicho la waliofiwa, swali lao lilikuwa na uzito. Mzee wao alitoka na mgeni, na mgeni akarudi akiwa hai ilhali mzee hakurudi. Katika jamii iliyoishi kwa misafara, kuandamana njiani ni ahadi, na anayerejea peke yake hana budi kujieleza. Krapf alihofia kuuawa. Alitoroka usiku, akapotea tena nyikani, na baada ya taabu nyingi akafika Yatta, kisha Rabai. Kituo cha Ukambani hakikujengwa, na mnyororo wa misheni ukakatika kabla ya pete ya kwanza kufungwa.

Miaka ya Mwisho

Mwaka 1852 alisafiri tena kwa bahari hadi Pangani, akapanda Usambara kumwona Kimweri. Mwaka 1853, afya yake ikiwa imeharibika, aliondoka Mombasa. Jaribio la kurudi kupitia Uhabeshi lilishindikana kwa sababu ya ugonjwa, na mwaka 1855 akafanya makao katika mji wa Korntal, karibu na Stuttgart. Huko aliandika kitabu cha safari zake, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Alirudi pwani kwa muda mfupi kuwasaidia Wamethodisti, ambao mwaka 1862 walianza kazi yao Ribe. Vita vya Waingereza huko Uhabeshi vilipoanza mwaka 1867, alichukuliwa kama mkalimani, lakini mwili haukumruhusu kuendelea.

Baada ya hapo safari zake zilikuwa za mezani. Miaka ilipita akipanga maneno aliyoyakusanya yeye na wenzake, akiyaeleza maana na kuyatolea mifano. Rebmann, aliyebaki Rabai karibu miaka 30 bila kurudi kwao, alirejea Ujerumani mwaka 1875 akiwa kipofu, akaishi Korntal, akafa mwaka uliofuata. Krapf alimfuata tarehe 26 Novemba 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, katika hali ya kusali. Kamusi yake kuu ilitoka mwaka uliofuata. Mwenyewe hakuishika mkononi.

Tathmini

Tukiyapima maisha haya kwa makusudio yake, tutahesabu hasara tupu. Waoromo hakuwafikia kama alivyotamani. Yatta ilimshinda. Familia yake ya kwanza aliizika njiani. Waliobatizwa naye walikuwa wachache mno. Lakini maneno yalibaki. Kamusi ya 1882 imehifadhi Kimvita cha karne ya 19 pamoja na desturi, vyakula na maneno ya vyombo ambayo leo hata vijana wa pwani wameanza kuyasahau. Krapf pia alizipeleka Ujerumani hati za tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hivyo akazinusuru dhidi ya mchwa na unyevu wa pwani.

Hata hivyo, sifa hizo zina upande wa pili. Krapf aliunga mkono matumizi ya herufi za Kirumi katika kuandika lugha ambayo tayari ilikuwa na maandishi yake ya karne nyingi. Uamuzi huo, ulioendelezwa na wengine baada yake, ulirahisisha uchapishaji na elimu ya shule. Papo hapo uliwatenga watu wengi wa pwani na maandishi ya babu zao. Aidha, lahaja aliyoitumikia haikuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kufuatia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kiunguja ndicho kilichosanifishwa. Kamusi ya Krapf ikawa hazina ya lahaja iliyosukumwa kando, na pengine ndiyo sababu thamani yake inaongezeka kadiri miaka inavyopita.

Jambo la tatu linahusu majina. Tunamfahamu Kivoi kwa sehemu kubwa kwa sababu mgeni wake alijua kuandika, akaponea chupuchupu na kufika nyumbani. Kama Krapf angekufa kando ya Tana, masimulizi ya maandishi kuhusu Kivoi yangekuwa haba mno. Lakini ni wangapi waliokuwa kama Kivoi ambao hawakupata mgeni mwenye kalamu? Mabaharia waliomfundisha Krapf majina ya pepo, wapagazi waliomwimbia njiani, wanawake wa Rabai waliomtajia majina ya mboga na magonjwa, wote wamo ndani ya kamusi yake bila kutajwa.

Hitimisho

Mvulana wa Derendingen alitamani kuwa nahodha, akaishia kuwa abiria. Twaona kwamba uabiria huo ndio uliomfaa, kwani nahodha huamuru, ilhali abiria hana budi kuuliza. Kwa kuuliza alipata jina la mlima, jina la upepo, na maelfu ya maneno ambayo sisi twayarithi.

Wajibu uliobaki ni wetu. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka Mukuyuni, Kitui au Kibwezi hahitaji kusubiri kaskazi wala kuvuka jangwa. Wazee waliorithi masimulizi ya misafara ya Wakamba wanazidi kupungua. Wako wanaojua bado njia zilipita wapi, visima viliitwaje, na ni maneno gani ya Kiswahili yaliyoingia Kikamba pamoja na nguo na shanga za Mombasa. Aende chini ya mukuyu wa kwao akiwa na daftari, aulize kama Krapf alivyouliza. Kisha, tofauti na Krapf, aandike jina la kila aliyemjibu na aliyeridhia litajwe.